Upande wa Chini wa Shafti

Kila mtu Moonta Bay, kwenye rasi moja upande wa Adelaide, anaijua habari ya Lyall Trezise na kaa. Ilikuwa Krismasi, maji yamekupwa, watu wametapakaa kwenye kina cha magoti na reki zao za kuvulia kaa, kila mmoja na beseni lake linaloelea nyuma kwa kamba ya kiunoni. Lyall alikuwa amesimama akimweleza Coralie Rodda kwa nini injini za zamani hazipatani na petroli ya siku hizi. Kaa wa bluu, dume lenye magando marefu, alikuwa ananing'inia kwenye kidole chake cha shahada. Lyall hakunyamaza. Aliunyosha mkono ule ule, na kaa wake, kuonyesha upande lilikokuwa gereji la zamani.

"Lyall," Coralie alisema, "una mgeni."

Akatazama. "Ah. Huyu." Akambandua, akamtupa kwenye beseni, akaendelea na habari ya petroli.

Watu walicheka mpaka Pasaka. Walisema aliyechoka kwanza ni kaa. Walisema ukikata mkono wa Lyall utatoka oili namba thelathini. Mimi nilicheka na wenzangu. Nyumba yangu imepakana na yake na nilikuwa nimeshakaa pale miaka ya kutosha kuruhusiwa kumcheka. Mtu mmoja tu hakucheka, mkewe Glenys, na sababu alinieleza mwenyewe wiki moja baadaye, tukiwa tumeegemea uzio, yeye upande wake na mimi upande wangu.

"Vidole vyake havisikii," alisema. "Ni kisukari. Juzi amechomoa trei ya pasti za nyama kwenye oveni kwa mkono mtupu. Hakustuka. Mimi ndiye niliyesikia harufu."

"Daktari anajua?"

"Kaenda. Daktari kamuuliza vidole vikoje, kamjibu siyo mbaya."

Kwenye rasi ile, siyo mbaya ni jibu la kila kitu. Mvua imeharibu shayiri yote, mwaka ulikuwaje? Siyo mbaya. Binti ameolewa na mtu mwema, harusi ilikuwaje? Siyo mbaya. Ukitaka kujua maana yake lazima umtazame mtu usoni, na uso wa Lyall ulikuwa kama mlango wa ghala.

Alizaliwa Moonta Mines, kwenye nyumba ya udongo iliyojengwa na babu wa babu yake, mmoja wa wale waliovuka bahari kutoka Cornwall kuja kuchimba shaba. Shaba iliisha kabla baba yake hajazaliwa. Lyall aliingia gereji la Kadina akiwa na miaka kumi na mitano, akashika spana, na tangu hapo hakuiweka chini. Baadaye alihamia kwenye maghala makubwa ya nafaka pale Wallaroo, akawa fundi wa mikanda ya kupandishia shayiri, hadi alipostaafu. Glenys alikuwa msusi wa nywele. Walikutana dansini, Glenys alivutiwa na viatu vya Lyall vilivyong'aa, na Lyall, kwa maneno yake mwenyewe, alivutiwa na kwamba Glenys alikuwa na gari. Kwa miaka yote ya ndoa yao alimtania kuhusu kucha zake. Glenys alizifuga ndefu, akazipaka rangi nyekundu kila Jumapili jioni, hata alipoacha kazi ya saluni.

"Za kazi gani hizo?" Lyall angeuliza.

"Za kukungojea, mpenzi."

Banda lake lilikuwa nyuma ya nyumba, la mabati, na lilikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyewahi kuitamka. Glenys haingii. Saa nne asubuhi alibeba chai na kipande cha keki mpaka mlangoni, akaviweka juu ya pipa la mafuta lililosimama pale, akagonga bati mara moja, akarudi. Wanaume wa mtaa waliingia na kutoka wapendavyo. Coralie naye aliingia, lakini Coralie alikuwa mteja, tena alikuwa nesi wa wilaya miaka thelathini na hakuna mlango uliowahi kumzuia.

Mwezi wa Machi uliofuata, Coralie alileta Morisi Maina yake. Ni ya mwaka hamsini na nane, kijivu, ile ya mgongo wa mviringo ambayo wazee wa Nairobi na Dar bado wanaikumbuka. Ilikuwa ya shangazi yake. Binti yake alijifunzia kuendesha humo, na sasa binti huyo alikuwa Esperance, upande wa pili wa bara, na mimba ya kwanza, akitarajiwa kujifungua mwisho wa mwezi. Coralie alitaka kulivusha gari lile jangwa la Nullarbor, peke yake, alifikishe, amkabidhi binti funguo, amshike mjukuu.

"Panda ndege," Lyall alisema.

"Ndege haina stepini."

"Utakaa barabarani siku nne."

"Nitakaa na nani? Na mimi mwenyewe. Mwenzangu mzuri, hanibishii. Nataka uniambie kitu kimoja tu, mzee. Itafika au haitafika?"

Nullarbor si mahali pa kubahatisha. Kutoka kituo cha mafuta kimoja hadi kingine unaweza kwenda saa mbili au tatu, simu haishiki, na mtu aliyeharibikiwa hukaa kwenye kivuli cha gari lake akingoja lori. Coralie alikuwa na miaka sitini na minne. Lyall alilielewa swali lile kama lilivyo, ndiyo maana alilifungua gari lote, akaanza na injini, na injini akaanza juu.

Mnajua roka. Ni vile vikono vya chuma vinavyocheza juu ya injini kama watoto kwenye pembea: upande mmoja fimbo inasukuma kutoka chini, upande wa pili mkono unaikandamiza valvu ifunguke. Kwenye Morisi viko vinane, vyote vimepangwa kwenye shafti moja nyembamba iliyo wazi ndani kama bomba, na oili hupita humo ndani na kutokea kwenye vitundu vidogo ili kila roka ipate tone lake. Shafti ikilika, oili inavuja mahali palipolika na roka nyingine zinabaki kavu. Haiui injini siku hiyo hiyo. Inaiua taratibu, tena mbali na nyumbani.

Lyall alimwaga maji ya rejeta kwanza, kwa sababu baadhi ya nati zinazoshika shafti ndizo zinazoshika pia kichwa cha injini, na mwenye pupa huzifungua upande mmoja na kukipinda kichwa. Alizilegeza zote kidogo kidogo, akizunguka, kila moja robo ya mzunguko, hadi zikaachia. Akainyanyua shafti nzima na roka zake kama mtu anayemtoa samaki majini bila kumkata mgongo. Fimbo alizichomeka kwenye kifuniko cha boksi alichokitoboa matundu, kila moja tundu lake. Akachomoa pini ya mwisho, akavua washa, springi, roka, mguu wa kushikia, roka, na kila alichokivua alikipitisha kwenye waya kwa mpangilio ule ule. Roka iliyozoea mahali pake hairudishwi kwa jirani.

Nilikuwepo, nimekaa juu ya kreti. Coralie alikuwa mlangoni na kikombe.

Alifungua kifuniko cha mwisho wa shafti na kusukuma waya ndani. Likatoka tope jeusi, gumu kama lami.

"Maskini shangazi yako," Lyall alisema. "Alikuwa anabadilisha oili lini, siku watu walipotua mwezini?"

"Alibadilisha mchumba mara nyingi kuliko oili."

Akaisafisha shafti kwa mafuta ya taa, akaikausha kwa kitambaa, akaigeuza tumbo juu. Hapo ndipo pa kutazama. Fimbo inasukuma juu, springi ya valvu inasukuma juu, kwa hiyo roka huila shafti upande wa chini. Juu inaweza kung'aa kama kioo huku chini pameliwa bonde. Na bonde lile fundi halitafuti kwa macho, kwa sababu chuma kilichosuguliwa na oili humeremeta kote sawa. Anaburuza ukucha. Nimewaona wakifanya hivyo Izmir na Karachi, nimewaona mtaa wa Gerezani kule Dar es Salaam, na nadhani ukienda popote penye injini utawakuta: kichwa kimeinama, macho yameangalia pembeni, ukucha unatembea juu ya chuma. Ukucha ukikwama, shafti imelika.

Lyall aliburuza ukucha wake. Akauburuza tena. Akageuza uso kwenye mwanga wa dirisha, akauburuza mara ya tatu, polepole mno.

Mimi nilikuwa najua alichoniambia Glenys. Nilitazama sakafu.

Akachukua maikromita ya baba yake, ile ya kupimia unene wa chuma, ya zamani, isiyo na kile kirungu kinachojiachia chenyewe kikifika. Ile hutegemea vidole vikuambie imegusa. Alipima mahali pamoja mara mbili, akasoma, akakunja paji la uso, akairudisha kwenye boksi lake bila kusema namba.

"Ikoje?" Coralie aliuliza.

Lyall aliifuta shafti kwa kitambaa, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine.

"Siyo mbaya," alisema.

Coralie alimtazama kwa muda. Kisha akasema, "Haya," akaweka kikombe juu ya pipa, akaenda zake.

Lyall aliirudisha shafti ile ile. Siku iliyofuata akapanga nafasi za valvu kwa fila, yale majani membamba ya chuma unayoyapitisha kati ya roka na valvu. Lazima yapite kwa kukwaruza kidogo, si kwa kulegea na si kwa kulazimisha. Hilo nalo ni la vidole. Mchana aliwasha. Injini iliwaka mara moja, ikazunguka vizuri, na juu yake ukasikika mlio, tik-tik-tik-tik, kama mtu anayegonga kijiko kwenye sahani akingoja chakula.

Glenys alifungua dirisha la jikoni. "Lyall! Hiyo inagonga!"

"Itatulia!"

"Itatulia wapi? Eucla, katikati ya Nullarbor?"

Lyall akaiacha izunguke. Mimi nilikuwa nje namwagilia nyanya, na nilimwona amesimama mlangoni pa banda, mikono mfukoni, kichwa kimeinama upande mmoja. Sikio lake halikuwa na kasoro. Alikuwa anajua kabisa anachosikia. Ilikuwa Jumatano, Coralie alipanga kuondoka Ijumaa alfajiri.

Injini ilizimwa. Halafu nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona: Lyall alitoka bandani, akavuka uwanja, akasimama nje ya dirisha la jikoni la nyumba yake mwenyewe kama mtu aliyekuja kuuza kitu.

"Glen."

"Nini?"

"Una shughuli?"

"Namenya viazi. Kwani?"

"Viache kidogo." Akakohoa. "Nataka kucha zako."

Glenys akasema, "Sema tena. Nataka jirani asikie."

"Nimesikia," nilisema kutoka kwenye nyanya.

"Miaka arobaini na moja," Glenys alisema, anafuta mikono kwenye aproni. "Miaka arobaini na moja ananiuliza za kazi gani."

Alifika mlangoni pa banda, akasimama kando ya pipa, kama kawaida yake. Lyall alikuwa ameshaingia. Alipoona haji, aligeuka.

"Ingia basi."

"Kuna mahali pa kukanyaga?"

"Kanyaga popote."

Akaingia. Sikuingia mimi, nilibaki kwenye uzio, na mabati hayazuii sauti. Alimwagiza ashike taa wakati anafungua. Robo, robo, akizunguka. Alivua kila kitu upya na kukipitisha kwenye waya. Kisha nikamsikia akieleza, kwa sauti ya chini, sauti ile watu wa huko wanayotumia kanisani na hospitali.

"Huku ndiko chini. Kuna vitundu, unaviona? Shafti ikiwa mahali pake vitundu huangalia chini. Sasa tembeza ukucha hivi, kwa urefu. Usibonyeze. Uache utembee wenyewe."

"Niufuate mstari?"

"Ufuate."

Nikasikia ukucha ukikwaruza chuma.

"Hapa pana kizingiti," Glenys alisema.

"Wapi?"

"Hapa. Na unashuka, halafu unapanda tena. Kama kipande cha barabara kilichochimbwa. Wewe huoni?"

"Sioni."

"Husikii?"

"Sisikii kitu, Glen. Tangu mwaka jana. Ningeshika chuma au ningeshika siagi, sijui."

"Najua, mpenzi."

"Nilimwambia siyo mbaya."

"Najua. Na hapa pana kingine. Kikubwa kuliko kile. Subiri, hapa pia. Mungu wangu, Lyall, hili ni bonde la kupandia viazi."

Mahali palipolika palikuwa patatu, na pale pabaya zaidi ukucha ulikwama kabisa, rangi nyekundu ikabanduka. Ile rangi ilibaki kwenye chuma, mstari mdogo, na Lyall alisema hata angetafuta alama nzuri zaidi asingeipata.

Alikwenda kwa Coralie jioni hiyo hiyo, kwa miguu, na nilikwenda naye kwa sababu alisema nimsaidie kubeba, ingawa hapakuwa na cha kubeba isipokuwa shafti, na aliibeba mwenyewe, imefungwa kwenye gazeti. Coralie alikuwa uani anachemsha kaa. Mabegi yake mawili yalikuwa yamesimama barazani tayari.

Lyall aliifungua shafti juu ya meza, kando ya maganda. "Imekwisha," alisema. "Nilikudanganya. Sikukudanganya kwa makusudi, lakini nilisema kitu nisichokijua. Vidole vyangu vimekufa. Aliyeipata ni Glenys."

Coralie alimtoa kaa mmoja kwa koleo, akamweka kwenye karai. Hakuonekana kushangaa.

"Nilijua vimekufa," alisema. "Tangu Krismasi. Mtu haning'iniwi na kaa wa kilo akaendelea kuzungumzia petroli."

"Kumbe ulijua."

"Nimekuwa nesi tangu wewe una nywele. Mtaa mzima unajua, Lyall. Unafikiri walikuwa wanacheka nini?"

"Walikuwa wanacheka kaa."

"Walikuwa wanacheka kwa sababu hakuna aliyejua aseme nini."

Lyall alikaa. Alichukua gando, akalivunja kwa meno, bila kula.

"Kama ulijua," alisema, "kwa nini ulilileta gari kwangu?"

"Ningelipeleka kwa nani? Kwa yule wa Kadina anayefungua kila kitu kwa nyundo?" Akafuta mikono. "Nilikuwa nangoja uniambie. Ulipoburuza ukucha mara tatu nikasema sasa ataniambia. Ukasema siyo mbaya."

"Na Ijumaa ungeondoka?"

"Sijui." Alitazama mabegi yake. "Nimeyafungasha. Lakini nimekaa hapa tangu mchana nachemsha kaa wa kulisha kanisa zima, na mtu anayeondoka keshokutwa hachemshi kaa wengi hivi. Kwa hiyo nadhani hapana. Ningekupigia simu Alhamisi na kukuambia nimeumwa mgongo."

"Ungenidanganya."

"Ningesema mgongo siyo mbaya."

Hapo Lyall alicheka, mara ya kwanza siku ile, kicheko kifupi cha puani.

Shafti mpya ilikuja na basi kutoka Adelaide, imetoka kwa mtu wa chama cha wenye Morisi mwenye banda kubwa kuliko nyumba. Roka tatu zilibadilishwa bushi, ile mirija ya ndani inayozungukia shafti. Coralie alimpigia binti yake simu na kumwambia mama atachelewa, mtoto asubiri kama anaweza. Lyall alifunga kila kitu, kwa sababu kufunga nati bado alikuwa anaweza, nati hupimwa kwa mkono mzima na bega. Ila kila palipotaka kidole alisogea pembeni, na Glenys akaingia na kiti chake cha jikoni, miwani puani, akapitisha fila kati ya roka na valvu.

"Imelegea."

"Robo."

"Bado. Sasa inakwaruza. Inakwaruza kama zipu."

"Zipu nzuri au zipu mbovu?"

"Ya suruali yako ya harusi."

"Basi legeza kidogo."

Jumatano iliyofuata, asubuhi, waliwasha. Nilitoka na kikombe changu. Coralie alikuwepo, funguo mkononi, mabegi nyuma ya kiti. Injini ilizunguka, na juu yake pakasikika ule mlio mdogo wa kawaida wa injini za aina hiyo, wa cherehani inayoshona kitambaa chepesi, basi. Lyall alifungua kifuniko cha kutilia oili, akachungulia kwa tochi, akaona oili inang'aa na kucheza mle ndani.

Coralie alimtazama yeye. "Haya. Ikoje?"

Lyall akageuza kichwa kwa mkewe.

Glenys alikuwa anakagua ukucha wake wa shahada, uliobanduka rangi tena, na safari hii kulikuwa na mstari mweusi chini yake ambao sabuni yoyote isingeutoa kabla ya Jumapili. "Siyo mbaya," alisema.

"Siyo mbaya ya kwenu, au siyo mbaya ya kweli?"

"Ya kweli. Nimeigusa mwenyewe."

Coralie akaingia garini. Alikuwa Ceduna, mwanzo wa Nullarbor, jioni hiyo. Alipofika Esperance mtoto alikuwa ameshazaliwa, tangu juzi yake, mvulana, na alipopiga simu aliongea nusu saa kuhusu mtoto na hakuigusa habari ya injini hata kidogo, ndipo Lyall akajua kwamba haikumsumbua.

Pipa bado lipo mlangoni pa banda. Chai haiwekwi tena juu yake. Inaingia ndani, vikombe viwili, na kiti cha jikoni hakijarudi jikoni. Mgeni akija kula kwao hukalia kreti.